Harmoniki ya pili ninayoiona imezaliwa majini au ndani ya mtambo?

Mwanafunzi wa Chiromo

Hamjambo wenzangu. Ninapima athari zisizo za mstari (zile zisizokua sawia na ukubwa wa wimbi) za mawimbi ya ultrasoniki, yaani sauti ya juu isiyosikika kwa sikio, katika maabara hapa Nairobi, kwanza majini na baadaye ndani ya alumini. Ninatuma mafungu mafupi ya mawimbi ya megahezi 5, na transdusa (kifaa kinachogeuza umeme kuwa mawimbi na mawimbi kuwa umeme) ya megahezi 10 inapokea upande wa pili. Harmoniki ya pili, yaani wimbi lenye masafa maradufu ya lile ninalotuma, inaonekana waziwazi kwenye osiloskopu, nami nilifurahi sana, hadi nilipoweka kipunguza-mawimbi baada ya amplifaya inayoendesha transdusa ya kutuma na kukata volti kwa nusu: harmoniki nayo ikapungua kwa nusu tu. Tena, nilipoisogeza transdusa ya kupokea kutoka sentimita 3 hadi 9, haikuongezeka hata kidogo. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Fizikia

Ulichokipima ni amplifaya yako. Wimbi lenye nguvu husafiri upesi kidogo zaidi penye mgandamizo kuliko penye mtanuko, kwa hiyo kadiri linavyosonga mbele ndivyo umbo lake linavyoelekea kuwa kama meno ya msumeno, na mabadiliko hayo ndiyo yanayozaa megahezi 10 kutokana na megahezi 5. Harmoniki ya namna hiyo hujikusanya njiani: hukua kwa umbali, na kwa mraba wa ukubwa wa wimbi la msingi (lile la megahezi 5), hivyo ukikata wimbi la msingi kwa nusu, yenyewe yapaswa kubaki robo. Ile iliyozaliwa ndani ya amplifaya hupita kwenye kipunguza-mawimbi pamoja na mama yake, zote zikapungua kwa kiwango kilekile.

Weka kichujio kinachozuia megahezi 10 kati ya amplifaya na transdusa ya kutuma. Kwa maji ya nyuzi 20, ambayo uwiano wake wa B/A (kipimo cha jinsi maji yanavyolipotosha umbo la wimbi) ni takriban 5, shinikizo la kilopaskali 100 litakupa, baada ya sentimita 6, harmoniki iliyo kama asilimia 10 ya wimbi la msingi, kabla ya kuhesabu ufyonzwaji na kutawanyika kwa wimbi.

Fundi wa Vipimo

Shikamoo Mwalimu. Naongezea kwamba maji yenyewe yachunguzwe, kwa sababu viputo vya hewa vina athari kubwa kuliko maji yote yanayovizunguka. Niliwahi kupoteza juma zima kwa ajili ya viputo vilivyonata usoni mwa transdusa, vidogo kama punje za chumvi. Nilipovifuta kwa brashi laini, vipimo vikatulia. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yachemshe, yafunike yapoe bila kutikiswa, kisha yamimine taratibu yakitambaa kwenye ukuta wa tangi.

Alumini ni ngumu zaidi. Wimbi la msingi lenye mtikisiko wa nanomita 10 likipita sentimita 2 za metali hiyo huzaa harmoniki ya sehemu chache tu za mia za nanomita, na jeli unayopaka kati ya transdusa na metali inaweza kuimeza harmoniki hiyo yote kila unapoibandua transdusa na kuibandika upya. Kandamiza transdusa kwa uzito uleule kila mara, na hakikisha nyuso mbili za kipande ziko sambamba.

Mwanafunzi wa Chiromo

Asanteni kwa ushauri, na shukrani za dhati kwenu nyote. Je, nikituma wimbi na kinyume chake kisha nikazijumlisha, sitaweza kukwepa kichujio?

Mwalimu wa Fizikia

Hutaweza. Mbinu hiyo hufuta wimbi la msingi na kuacha harmoniki ya pili, jambo linalofaa sana, lakini harmoniki ya amplifaya nayo hubaki. Kinachozitenganisha ni umbali.

Mwanafunzi wa Chiromo

Nimefunga kichujio leo asubuhi. Volti ikikatwa kwa nusu, harmoniki inabaki takriban robo, na inakua ninaposogeza transdusa mbali. Alumini nitaianza nyuso zake zikishasawazishwa.