Mrejesho: uvimbe wa kinena haukuwa mtoki

Jamani, ni mimi niliyeuliza kuhusu kauvimbe ka kinenani, kadogo kama harage, kanakotokeza nikikohoa na kupotea nikilala. Nilikuwa nimeambiwa ni mtoki, yaani tezi ya kinena iliyovimba, nikameza antibiotiki bure. Daktari wa upasuaji alinipima nimesimama, akaniambia nikohoe, kisha ultrasaundi ikaonyesha ngiri ya paja: mafuta ya tumboni yamepenya chini ya kano ya kinena, kando ya mshipa mkubwa wa damu. Kumbe hii huwapata zaidi wanawake, na haisubiriwi, maana tundu lake ni jembamba na utumbo ukinaswa humo ni dharura. Nimepasuliwa kwa matundu madogo, wavu wa kuziba tundu la ngiri umewekwa. Wiki ya tatu leo. Kucheka bado kunavuta. Aliyenijibu “ngiri ni ya wanaume”, nimekusamehe.