NPC wangu (wahusika ninaowaigiza mimi kwenye gemu) wanajua kila kitu, wachezaji wamenuna. Nafanyaje?

mchuma_zabibu
Wakuu habari za jumapili. Mimi ndio GM (mwendesha gemu) wa kikundi chetu hapa Dodoma, tuko watano, tunakutana Nkuhungu kwa mshkaji kila jumamosi jioni. Sheria ni za D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dadu) toleo la tano ila stori nimetunga mwenyewe: msafara wa karne ya 19 umetoka pwani, umevuka nyika kavu ya Marenga Mkali, wapagazi wamekauka koo, na kwenye maji ya kwanza ya Ugogo yupo mzee wa mtemi anadai hongo kabla hamjachota hata kata moja (hongo ya enzi hizo, ushuru wa njia, sio hii mnayoijua nyie).

Sasa jamaa wakapanga mbele yangu kabisa kwamba watafukia marobota matatu ya merikani (kitambaa cha pamba) nyuma ya mbuyu halafu waape kwamba mzigo wote ndio huu. Wamefika pale, mzee wangu hata salamu hajaitikia vizuri, akawaambia "kafukueni kwanza ya kwenye mbuyu". Dadu sikurusha. Nilijiona nimecheza mzee mjanja hatari, kumbe dada mmoja kafunga daftari lake taratibu akasema "huyu mzee anatumia masikio yako". Jumamosi iliyofuata wamekuja wawili.

Nyie mnafanyaje NPC awe na akili bila kuwa mimi?

kata_mbovu
Huyo dada kamaliza kila kitu hapo, sijui mimi niongeze nini 😂

Ila serious, mimi kabla ya gemu kila NPC namwandikia mistari mitatu nyuma ya daftari: anajua nini na kakijuaje, anataka nini, na akibanwa atalegeza wapi. Hapo "kakijuaje" ndio kwenye kazi. Mzee wako anaweza kabisa kujua habari ya mbuyu, Ugogo kuna watoto wanachunga mbuzi kila kona, mtoto kaona kakimbia kusema. Lakini basi wakati wanafukia ungewaambia "mnasikia kengele ya mbuzi, haiko mbali". Hapo wakiipuuza ni juu yao, wakienda kumtafuta huyo mtoto wakampa shanga anyamaze basi mzee hajui kitu, na wewe unameza plani yao ikupite hivyo hivyo inauma. Ulichofanya wewe ni kuamua jibu baada ya kusikia swali.

Jioni Kavu
Watu wazima mnacheza kombolela ya mezani. Njooni Kibaigwa msimu wa mahindi mpakie magunia akili ziwakae sawa.

kata_mbovu
@Jioni Kavu mkuu Kibaigwa ndio chuo chenyewe cha NPC! Dalali pale bei ya gunia anaijua kuliko wewe, ila mfukoni mwako una shilingi ngapi hajui, anakisia. Anakuangalia viatu. Ukienda na kandambili anakushusha, kumbe una hela, kachemka. NPC naye aruhusiwe kuchemka.

babu_wa_dadu
Kijana mimi nimeanza na sheria za D&D za 1981, zile zilikuwa zinamsaidia GM asijipendelee. Wachezaji wakikutana na mtu ambaye hujaamua yukoje, unarusha dadu mbili za pande sita: ikija 2 wanashambuliwa papo hapo, ikija 12 ni urafiki wa damdam, katikati kuna ngazi zake. Njia ziko 36, na 16 kati ya hizo zinaangukia 6 mpaka 8, yaani mtu bado hajaamua, anawasikiliza kwanza. Na ndivyo watu walivyo. Adui nao walikuwa na namba ya ujasiri, mapambano yakiwageuka unarusha mbili, zikizidi namba yao wanatimua mbio au wanaomba yaishe, hakuna habari ya mlinzi wa mshahara mdogo kupigana mpaka tone la mwisho eti kwa sababu GM kakasirika.

Kwa toleo lako, uongo wa mchezaji ushindane na utambuzi wa mzee, rusha mezani waone. Usirushe nyuma ya kitabu, wameshaacha kukuamini. Na angalia sana, wakianza kukuficha mipango yao hapo meza imekufa, maana utaendeshaje kitu usichokijua?

mchuma_zabibu
Aisee nimeelewa, na hiyo kengele ya mbuzi naiiba. Nimemtext dada nimemwambia turudi pale pale kwenye mbuyu kabla hawajafukia, mzee nimeshamwandika: hajui lolote, anataka merikani na shanga, vita hataki maana msafara una bunduki, robota mbili anawapisha.

Kajibu "poa, ila tutapangia nje, wewe ubaki ndani uangalie chai isimwagike" 😭

@babu_wa_dadu umenitabiria nini sasa