Tupeane uzoefu: Kiingereza tulichokipata katika hadithi za upelelezi

Mwalimu wa Mbale
Leo nimesahihisha majaribio ya darasa la saba, na lile swali la kujaza pengo kwa umbo sahihi la neno lililotolewa limewashinda wengi: wanalijua "investigate" (kupeleleza), lakini hawaoni kwamba sentensi inadai nomino, wala si kitenzi. Mimi jicho la kuona hivyo nililipata kwa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, katika vitabu vikuukuu vilivyotandazwa kando ya barabara za Kampala. Mliopitia njia hiyo, tupeane uzoefu.

Mzee wa Bombo
Mwalimu, umenikumbusha mbali. Katika kisa cha mwaka 1891 kinachomhusu mfalme wa Bohemia, Holmes anapata barua isiyo na sahihi, naye anathibitisha kwamba aliyeiandika ni Mjerumani kwa sababu kitenzi kimesukumwa hadi mwisho wa sentensi. Tangu siku hiyo kila sentensi niliyoisoma niliitafutia kitenzi chake kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia darasani kwamba mahali pa kitenzi panaweza kumfichua mtu.

Msomaji wa Jinja
Ni kweli kabisa, Mzee. Kwangu lilikuwa neno "suspect": ukitia mkazo mwanzoni ni mshukiwa, ukiutia mwishoni ni kushuku.

Dereva wa Busia
Mimi sikubali mwanafunzi aanzishwe kwa Holmes, maana Kiingereza chake ni cha karne ya 19. Atakutana na "hansom", ambalo ni gari la kukokotwa na farasi, adhani ni "handsome", kile kivumishi cha uzuri, kimekosewa herufi. Atakuta "singular" likiwa na maana ya jambo la ajabu, ilhali darasani amefundishwa kuwa ni umoja. Mpeni riwaya za upelelezi za Agatha Christie, ambaye watu wake huzungumza kwa sentensi fupi zilizo karibu na Kiingereza cha leo.

Mzee wa Bombo
Kijana wangu, ugumu huo ndio unaofundisha. Kuna kisa ambacho binti anakata roho akitaja "band" yenye madoa. Wanaosikia wanafikiria kundi la watu, au kitambaa cha kichwani, kumbe ni nyoka. Asiyejua kwamba nomino moja hubeba maana kadhaa hawezi kukielewa.

Dereva wa Busia
Mzee, umewafichulia mwisho ambao hawajakisoma, na bado sijashawishika.

Dada wa Arua
Mniwie radhi kwa urefu. Kaka yangu alikamatwa akituhumiwa kuiba pikipiki, ilhali usiku wa wizi alikuwa amelazwa hospitalini kwa malaria. Alimweleza askari hivyo kwa Kiswahili, askari akayaandika maelezo kwa Kiingereza, na nilipofika kituoni karatasi ilikuwa mezani ikingoja sahihi yake. Niliomba niisome. Ilisema "he admitted that night". Miguu iliniishia nguvu, kwa sababu katika riwaya nilizokuwa nikizisoma kitenzi hicho huja mwishoni, pale mwuaji anapokiri. Kilikosekana kitenzi kisaidizi "was" peke yake: kikiwapo, kaka amelazwa, kisipokuwapo, kaka amekiri. Nilimzuia kaka asitie sahihi, kisha nikamwomba askari, kwa heshima zote, tuisome sentensi ile pamoja.

Msomaji wa Jinja
Dada, ikawaje? Tafadhali usituache hapo.

Mama wa Bweyale
Nilikuja kuuliza kuhusu kamusi, lakini siwezi kuendelea kabla sijajua habari za kaka yake.

Dada wa Arua
Maelezo yaliandikwa upya, na hati ya hospitali ilipoletwa kaka akaachiliwa. Uliza kuhusu kamusi, mama.

Mama wa Bweyale
Mungu ashukuriwe. Ninauliza hivi: mtoto aifungue kila anapokwama, au aache?

Mwalimu wa Mbale
Aache mpaka sura iishe. Kisha agawe ukurasa wa daftari kwa nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi, na kila neno jipya alitafutie ndugu zake katika safu zote.

Dereva wa Busia
Aifungue papo hapo, la sivyo atazoea kukisia.

Mzee wa Bombo
Asome kwa sauti, na majirani wakilalamika awasomee na wao.

Msomaji wa Jinja
Mimi ningemwanzisha kwa Kiswahili, kwa visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Akishaelewa jinsi mpelelezi anavyokusanya dalili na kuwachuja washukiwa, maneno ya Kiingereza atayakuta yakifanya kazi ambayo tayari anaifahamu.

Mwalimu wa Mbale
Dada wa Arua, naomba ruhusa niitumie sentensi ile darasani, bila kutaja mtu wala kituo.

Dada wa Arua
Ruhusa unayo, Mwalimu. Ila andika ubaoni sentensi zote mbili, yenye "was" na isiyo nayo, uwaache wabishane wenyewe kabla hujawaeleza.