Mpini wa shoka la kuchanjia kuni: nimkubalie fundi aupunguze?

MamaPilau_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Napika pilau za shughuli huku Mbagala, masufuria ya kilo 30 mpaka 40 za mchele. Kuni nanunua kwa magogo, mkorosho na mwembe, yanakuja na kirikuu kutoka njia ya Mkuranga, maana zilizokwisha kuchanjwa bei yake inaumiza. Kijana aliyekuwa ananichanjia kapata bodaboda, haonekani tena. Shoka limebaki mkononi mwangu.

Ninayo mawili. Moja la marehemu baba, mpini kama sentimita 55. Wiki mbili zilizopita liliteleza kwenye fundo likanipitia mbele ya ugoko. Lilichana gauni, ngozi haikuguswa. Nilikaa chini nikaomba maji.

La pili nimelinunua Kariakoo, kichwa kilo 3, mpini sentimita 90. Mimi mfupi, hata 160 sifiki. Kila nikipiga, kichwa kinaruka gogo, mpini ndio unaogonga. Jumamosi umepasuka pale pale chini ya kichwa, na Ijumaa nina harusi. Fundi jirani anataka kunichongea wa sentimita 60, eti kulingana na kimo changu. Nimkubalie?

jogoo_wa_temeke
Mama, ifikapo 2034 serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania tuwe kwenye nishati safi, wewe bado unapigana na mkorosho? Nunua gesi.

MamaPilau_Mbagala
Mtungi ninao, mdogo wangu, nachemshia chai. Makaa ya kupalia juu ya mfuniko utanitolea kwenye mtungi?

mzee_wa_mipini
Mama, hiyo 60 usikubali. Fundi wako anapima kama anakushonea sare.

Mikono ikishanyooka, shoka linachora duara. Mpini mfupi, duara linaishia miguuni kwako, ndiyo maana la baba lilipita pale. Mpini mrefu, ukikosa, linaishia kwenye kisiki au ardhini mbele yako. Kwa kimo chako mwambie achonge 75 hadi 80.

Kinachokushinda ni ule uzito wa kichwa, kilo 3. Tafuta cha kilo 2. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, inaongezeka mara nne. Kichwa chepesi utakipa kasi, hicho kizito unakinyanyua tu kisha kinaanguka chenyewe.

Na mpini haukupasuka kwa sababu ya urefu, umepasuka kwa sababu unasimama karibu. Kabla ya pigo la kwanza nyoosha mikono, weka makali juu ya gogo, kwenye ukingo ulio upande wako. Hapo ndipo miguu inapokaa. Usilenge ukingo wa mbali hata siku moja. Kisiki cha kuchanjia kisizidi goti, na shoka likishuka kunja magoti ushuke nalo.

Mti: mpera au mkwaju uliokauka kivulini. Ukipewa mpini, utazame kitakoni. Ile mistari ya mti ifuate uelekeo wa makali. Ikikata kushoto kwenda kulia, mrudishie, hautamaliza mwezi.

MamaPilau_Mbagala
Shikamoo mzee. Sasa nauliza, kichwa kikilegea naloweka kwenye ndoo usiku kucha kama alivyokuwa anafanya baba?

mzee_wa_mipini
Marahaba mwanangu. Hapana. Mti unavimba asubuhi, jua la mchana likiukausha unalegea kuliko jana. Gonga kabari ya mti mgumu juu ya tundu, kisha paka mafuta.

chanika_juu
Naongeza dogo. Tairi bovu la gari, lifunge juu ya kisiki, simamisha gogo ndani yake. Vipande havirukiruki, huinami kuokota kila saa. Mimi mpini wangu 70 na sijawahi kujikata, lakini sichanji mwembe wenye mafundo. Hayo magogo nayaweka mwisho wa jiko, yaungue yakiwa mazima.

MamaPilau_Mbagala
Mrejesho, Jumatano usiku. Fundi alinuna kidogo, kisha akachonga wa mpera, 78. Wa kwanza niliutazama kitakoni, mistari inakatisha, nikamrudishia, akanuna tena. Kichwa cha kilo 2 nimekipata cha mtumba, makali yamekula kidogo lakini tundu lake zima.

Leo nimechanja mkorosho wote kabla ya adhuhuri. Mara mbili nimekosa kabisa, na mara zote mbili shoka limezama kwenye kisiki, miguu yangu iko kule nyuma. Mwembe nimeutenga, chanika_juu umenisaidia. La baba nimelining'iniza ukutani, nachongea vijiti vya kuwashia tu.

Jogoo, Ijumaa pita uchukue sahani yako.