Mpango wa masomo ya shahada ya kemia: hisabati itangulie kemia fizikia, au viende pamoja?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya kemia, shahada ya miaka minne, na nimeshasoma kemia ya msingi kwa mihula miwili, kalkulasi sehemu mbili za mwanzo, na fizikia ya mwendo na nguvu. Sasa natakiwa kuwasilisha mpango wa miaka mitatu iliyobaki, nami nimekwama mahali pawili.

Kwanza, mwongozo wa idara unaniruhusu kuingia kemia fizikia ya kwanza, yaani themodinamiki (elimu ya joto na nishati) na kasi ya mimenyuko, kwa kalkulasi niliyo nayo. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuichukua mara moja katika muhula ujao pamoja na kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) ya kwanza na kemia changanuzi (ya kupima vilivyomo katika sampuli), zote tatu na maabara zake, kisha kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari niziache hadi mwaka wa nne, wakati mzigo utakapokuwa umepungua. Je, mpangilio huo una madhara yoyote?

Pili, ninakusudia kufanya kazi katika kemia ya betri. Kwa mkondo huo kemia ogania ya pili si ya lazima, na nafasi yake ningeweza kuitumia kujifunza kuandika programu za kompyuta. Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mkufunzi wa Kemia Fizikia

Ndugu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuwasilisha mpango. Mwongozo wa idara hutaja masomo yanayomruhusu mwanafunzi kuandikishwa, na mara nyingi hayo ni pungufu ya yale yanayomwezesha kuelewa kinachofundishwa. Kila mwaka ninakutana na wanafunzi wenye akili nzuri wanaoamini kwamba themodinamiki imewashinda, ilhali kilichowashinda ni alama ya hisabati ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake.

Chukua nishati huru ya Gibbs, kipimo kinachoonyesha kama mmenyuko unaweza kuendelea wenyewe. Inategemea halijoto na kanieneo kwa wakati mmoja, na swali la kwanza tunalouliza ni hili: ikiwa kanieneo itashikiliwa isibadilike, nishati hiyo hubadilika kwa kiasi gani halijoto inapopanda kidogo? Jibu ni entropia, yaani kipimo cha mtawanyiko wa nishati na chembe, yenye alama hasi, na jibu hilo ndilo linaloeleza kwa nini barafu huyeyuka inapopata joto na kwa nini mmenyuko usiowezekana katika halijoto ya chini huweza kuendelea wenyewe katika halijoto ya juu. Utofautishaji wa namna hiyo, ambamo kigeu kimoja huachwa kibadilike huku vingine vimefungwa, ndio moyo wa kalkulasi ya vigeu vingi. Aliyekwisha kuizoea husoma mlinganyo huo na kuona kemia iliyomo, lakini asiyeizoea huukariri tu, na anapofika kwenye mlinganyo wa kumi na tano kichwa kimejaa.

Aljebra ya mstari inahitajika baadaye kidogo, katika makanika ya kwanta, yaani kemia fizikia ya pili inayoeleza mwenendo wa elektroni, lakini hapo inahitajika kwelikweli. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, unaotupa viwango vya nishati vya elektroni, hutatuliwa kikamilifu kwa mifumo michache tu, kama vile atomu ya hidrojeni, na kwa molekuli nyingi tunaandika matriki (jedwali la namba) na kutafuta thamani zake za aigeni, yaani namba maalumu zinazotokana na matriki hiyo. Mfano ninaoupenda ni butadini. Kwa mbinu ya Hückel, kaboni zake nne hutupa matriki ya safu mlalo nne na safu wima nne, na thamani nne zinazotoka humo ndizo viwango vinne vya nishati vya elektroni zake za pai, yaani zile za bondi zake maradufu. Mwanafunzi anaweza kuikokotoa kwa mkono katika saa moja na kuona mwenyewe kwa nini elektroni hizo hutulia zaidi kuliko ambavyo zingetulia kama zingefungiwa katika bondi maradufu mbili zilizotengana. Sioni maana ya kukutana na hesabu hiyo mwaka wa tatu na kujifunza lugha yake mwaka wa nne.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: vigeu vingi muhula ujao, na aljebra ya mstari muhula unaofuata.

Mhitimu wa Kemia

Naungana na mkufunzi, ila ningependa kuongeza jambo ambalo halionekani katika jedwali la masomo, nalo ni saa za maabara. Katika shahada yangu, kipindi kimoja cha maabara kilikuwa cha saa 3 na kilihesabiwa kidogo sana kuliko somo la darasani. Hata hivyo, kila kipindi kilinidai saa nyingine 4 au 5 za kujiandaa, kuchakata vipimo, kukadiria makosa ya vipimo hivyo na kuandika ripoti. Mwaka wa pili nilichukua maabara tatu kwa pamoja, kama unavyokusudia, na zikanila takribani saa 24 kwa wiki kabla sijafungua daftari la somo lolote la darasani. Ripoti zangu zilikuwa nzuri kwa wiki nne. Baada ya hapo nilianza kunakili muundo wa ripoti iliyopita na kubadilisha tarakimu, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kemia changanuzi ndiyo iliyokuwa inifundishe kufikiri juu ya uhakika wa kipimo, nami niliipita bila kufikiri.

Maabara mbili kwa muhula zinatosha. Kama idara inakulazimisha kuchukua tatu, basi masomo mengine ya muhula huo yawe yale yasiyo na ripoti, na hapo hisabati inafaa sana.

Mtafiti wa Elektrokemia

Ndugu mwuliza, mimi nafanya kazi katika eneo unaloliendea, na ninakuomba usiiache kemia ogania ya pili. Najua sababu yako, kwa maana nami nilidhani kwamba betri ni metali, oksidi na umeme tu. Ukweli ni kwamba elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ioni, katika betri nyingi za ioni za lithi ni chumvi iliyoyeyushwa katika viyeyushi vya ogania, na kinachotumika sana ni ethilini kaboneti, molekuli yenye umbo la pete iliyo na kundi la kabonili, yaani kaboni iliyounganishwa na oksijeni kwa bondi maradufu. Betri inapochajiwa kwa mara za kwanza, baadhi ya molekuli hizo hupokea elektroni kwenye uso wa elektrodi hasi, pete hufunguka, na mabaki yake hujenga utando mwembamba unaoikinga elektrodi. Utando huo ukiwa mbovu, betri hupungua uwezo mapema. Kemia ya kabonili, pamoja na namna kaboni yake inavyoshambuliwa na vitu vyenye elektroni za kugawa, kwa kawaida hufundishwa katika nusu ya pili ya kemia ogania, yaani nusu ileile unayotaka kuiacha.

Kuhusu programu za kompyuta, nakubali kabisa kwamba unazihitaji, kwa kuwa data za kuchaji na kuishiwa chaji hufika maelfu ya mistari, na hakuna anayezisoma kwa macho. Ila somo moja la utangulizi linatosha kukufungulia mlango, na mengine utajifunza ukiwa na data yako mwenyewe mbele yako. Kemia ogania haijifunziki hivyo, walau sijamwona aliyeweza kuisoma peke yake jioni baada ya kazi akaielewa vizuri.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

Nawashukuru sana, hususani kwa mfano wa ethilini kaboneti, ambao umeubadilisha mpango wangu wote. Nimeupanga upya hivi. Muhula ujao nitachukua kemia ogania ya kwanza na kemia changanuzi, zote na maabara, pamoja na kalkulasi ya vigeu vingi na fizikia ya umeme na sumaku. Muhula utakaofuata nitachukua kemia ogania ya pili na maabara yake, aljebra ya mstari, utangulizi wa programu na kemia isiyo ya ogania. Kemia fizikia zote mbili nitazisogeza hadi mwaka wa tatu, ya kwanza muhula wa kwanza na ya pili muhula wa pili, kisha mwaka wa nne uwe wa elektrokemia na utafiti. Je, kusogeza huko si kuchelewa?

Mkufunzi wa Kemia Fizikia

Hujachelewa, mradi usivuke hapo. Elektrokemia inaanzia kwenye mlinganyo wa Nernst, ambao ni nishati ya Gibbs iliyoandikwa kwa volti: katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwa mmenyuko unaohamisha elektroni moja, uwiano wa ukolezi wa vitu vinavyohusika ukibadilika mara kumi, volti ya seli hubadilika kwa takribani 0.059. Ukifika hapo ukiwa na themodinamiki iliyokaa sawa, mlango wa mwaka wa nne utakuwa wazi.

Kabla ya kuwasilisha, thibitisha ofisini jambo moja tu. Baadhi ya idara hufundisha kila sehemu ya kemia fizikia mara moja kwa mwaka, na nyingine hutanguliza makanika ya kwanta kabla ya themodinamiki. Ikiwa yako ni ya namna hiyo ya pili, mpango wako hautavurugika, kwa sababu aljebra ya mstari utakuwa umeshaisoma. Lakini ikiwa themodinamiki hutolewa muhula wa pili wa mwaka wa pili peke yake, basi badilisha: peleka kemia isiyo ya ogania mwaka wa tatu, uchukue themodinamiki mahali pake, na utangulizi wa programu nao usubiri mwaka wa tatu, ili muhula huo usibebe maabara mbili pamoja na masomo mawili mengine mazito.