Mtoto akitekwa, sheria imkataze mzazi kulipa? Mi nasema hapana, tujadili

Wakuu salaam. Hii hoja inarudi kila ikitoka muvi ya utekaji inayotamba. Watu wakimaliza kuangalia wanaanza kusema na sisi Tanzania tutunge sheria kali, mzazi akimlipa mtekaji naye akamatwe, akaunti za ukoo mzima zifungwe, wahuni wajue hamna hela huku. Wanaosema hivyo sio wajinga, hoja wanayo, na nitaieleza yote kabla sijaipinga maana sipendi kumtungia mwenzangu maneno halafu namshinda kwa hayo hayo.

Hoja yao ni kwamba hela ya leo ndiyo inamteka mtoto wa kesho. Ukilipa umemnunulia mtekaji gari, silaha na ujasiri wa kurudi mtaani. Na mtu wao wanayemtaja sana ni yule mzee Getty, tajiri wa mafuta wa Marekani, mjukuu wake wa miaka 16 alitekwa Roma Julai 1973. Watekaji wakaanza kwa kudai dola milioni 17. Mzee akagoma, akasema ana wajukuu 14, akitoa hata senti moja atakuwa na wajukuu 14 waliotekwa. Kwenye makaratasi hiyo ni akili kubwa kabisa.

Sasa fuateni kilichotokea, maana wengi mnaishia kwenye hayo maneno yake. Mwezi wa kumi na moja gazeti la Il Messaggero likapokea bahasha, ndani kuna nywele na sikio la yule kijana. Bahasha yenyewe ilichelewa njiani kwa sababu wafanyakazi wa posta walikuwa kwenye mgomo, yaani kijana yuko milimani sikio halipo na familia bado haijajua kitu. Mwishowe mzee akalipa! Akatoa kama dola milioni 2.2, kiasi ambacho wahasibu wake walimwambia kinakatwa kwenye kodi, iliyobaki akamkopesha mwanawe kwa riba ya asilimia 4. Kijana akaachiwa Desemba. Kwa hiyo msimamo wa kutolipa ulidumu miezi mitano, na bili ya hiyo miezi mitano hakuilipa mzee, aliilipa mtoto mwilini mwake.

Hapo ndipo mi nasimama. Anayekataa kulipa na anayeumia ni watu wawili tofauti. Serikali ikitunga hiyo sheria itakuwa imekaa kiti cha mzee Getty, jasiri kwa sikio la mtu mwingine.

Najua mtaniambia Italia ilijaribu ikafanikiwa. Sawa, twende Italia maana ndiko mambo haya yalifikia kuwa biashara kamili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 60 walitekwa watu zaidi ya 600 kwa ajili ya kikombozi, wengine wakifichwa kwenye milima ya Aspromonte kule Calabria, wengine kwenye mapango ya kisiwa cha Sardinia, wakifungwa minyororo miezi na miezi. Mwaka 1991 wakapitisha sheria namba 82, mtu akitekwa tu mamlaka zinafunga mali za aliyetekwa, za mwenzi wake na za ndugu zake wa karibu. Na kweli miaka iliyofuata utekaji ule ukapungua sana. Hiyo ni hoja nzito, siifichi.

Lakini msiisome nusu. Kipindi hicho hicho makundi ya kihalifu ya Calabria yalikuwa yameshahamia kwenye kokeini, hela nyingi zaidi na hamna mateka wa kumlisha na kumlinda miezi sita. Wanajeshi na polisi wakamwagwa milimani. Kwa hiyo ukisema ni kufunga akaunti peke yake ndiko kulikomaliza kazi, hapo unatuonea.

Na ile sheria ikapata mtihani wake mapema sana. Januari 1992, haijamaliza hata mwaka, wanaume waliofunika nyuso wakaingia kwenye nyumba moja Porto Cervo, Sardinia, wakamchukua mtoto wa kiume wa miaka 7. Mali za familia zikafungwa kama sheria inavyosema. Mtoto akakaa mafichoni siku 177, akakatwa kipande cha sikio, akaachiwa Julai. Wakati huo kuna jambazi wa zamani maarufu sana kisiwani, Graziano Mesina, alikuwa ameingia kati kama msuluhishi, na baadaye akasema hela ililipwa na ikatoka kwa watu wa serikali wenyewe. Serikali ikakana. Mkitaka kuona hiyo sheria inazaa nini ni hapo, kila mtu anajificha, familia inawaficha polisi, msuluhishi anamficha hakimu, serikali nayo inakana, mpaka leo wananchi hawana jibu moja la nani alilipa. Mtekaji yeye anapenda hivyo hivyo, gizani.

Na Waitaliano wenyewe wakaona. Mwaka huo huo wa 1992 wakaweka mlango kwenye sheria, vyombo vya sheria vinaweza kuruhusu malipo yanayosimamiwa, yaani hela inatoka lakini polisi wanajua imetoka lini, imepita wapi, imepokelewa na nani. Huo mlango ndio ninaoutetea, na nashangaa kwenye mijadala yetu hautajwi kabisa, inatajwa kufunga akaunti tu.

Colombia nao walipitisha sheria ya utekaji, namba 40 ya 1993, ikakataza kulipa. Mahakama yao ya Katiba haikuchelewa, Novemba mwaka ule ule ikafuta makatazo dhidi ya familia. Maelezo yao mi nayaona ya haki kabisa, mtu anayelipa ili ndugu yake asife anaokoa uhai, na serikali iliyoshindwa kumlinda huyo mtu haiwezi kugeuka kumwadhibu kwa kujaribu kumuokoa.

Njoo Nigeria, huku ndiko kunakofanana na maisha yetu maana hapa hatuongelei tena matajiri wa mafuta. Mei 2021 watoto zaidi ya 130 walitekwa kwenye shule ya Kiislamu mji wa Tegina, jimbo la Niger, wengine wadogo kabisa. Wazazi wakulima na wachuuzi. Wakachangishana, wakauza walichonacho, shule ikauza sehemu ya kiwanja chake. Wakamtuma mzee mmoja apeleke hela porini. Watekaji wakapokea hela wakamshikilia na huyo mzee, wakasema haijatimia. Watoto waliachiwa mwishoni mwa Agosti. Mwaka ule ule kule jimbo la Kaduna walitekwa wanafunzi 121 wa shule ya Bethel Baptist, watekaji wakadai mpaka mchele, maharage na mafuta ya kupikia ili wawalishe hao hao watoto waliowateka.

Halafu Aprili 2022 Seneti ya Nigeria ikapitisha muswada, anayelipa kikombozi afungwe isiyopungua miaka 15. Jamani! Mama aliyeuza mbuzi na cherehani kumtoa mwanae porini, baada ya jeshi na polisi kushindwa kumfikia miezi mitatu, ndiye aende jela miaka 15. Na je utekaji Nigeria ulikoma? Machi 2024 watoto wa shule Kuriga, Kaduna hiyo hiyo, wakabebwa tena mchana kweupe.

Sasa kitu ambacho muvi hazionyeshi. Kwenye muvi mzazi anakataa kulipa, anachukua bastola, anaingia peke yake kwenye godauni usiku, anatoka na mtoto begani. Watu mnapiga makofi halafu mnataka hiyo ndiyo iwe sera ya nchi. Hebu fikirieni nyumba ya kawaida ya Mbagala, Dar, au Sakina, Arusha. Simu inaita saa tatu usiku namba ngeni, sauti inasema mtoto tunaye, ukienda polisi utamzika. Baba anakaa chini. Shangazi anafungua grupu la ukoo anaandika kuna dharura msiulize, tumeni chochote. Mjomba anapigia dalali wa kiwanja. Muda huo swali moja tu linaamua kila kitu, twende kituoni au tusiende? Na sheria yenu inajibu badala yao, msiende, maana mkienda mkasema mnatafuta hela nyie ndio watuhumiwa. Watekaji wanawatisha wazazi wasiende polisi, na nyie mnataka bunge liwatishe hivyo hivyo.

Kinyume chake kinafanya kazi, na ushahidi upo tangu zamani. Machi 1932 mtoto wa rubani Lindbergh, miezi 20, alichukuliwa kitandani kwao New Jersey. Baba akalipa dola 50,000 usiku makaburini kule Bronx. Inauma kusema lakini mtoto alikuwa ameshakufa, mwili ukapatikana Mei karibu tu na nyumbani. Kwa hiyo kulipa hakukumuokoa, naliweka wazi ili mtu asije kunishika nalo. Ila maofisa wa hazina walikuwa wamesisitiza namba za noti zote ziandikwe, na nyingi zilikuwa zile noti za dhahabu, yaani noti za karatasi zilizokuwa na thamani ya dhahabu nyuma yake, ambazo zilikuwa zinaondolewa kwenye mzunguko. Miaka miwili na nusu baadaye, Septemba 1934, kijana wa kituo cha mafuta New York akapewa noti ya dola 10 ya aina hiyo, akaitilia shaka, akaandika namba ya gari pembeni ya noti. Benki wakaiona. Polisi wakaenda kwa mwenye gari, wakakuta gerejini kwake kama dola 14,000 za hela ile ile. Ile hela iliyolipwa ndiyo ilimfikisha kwenye kiti cha umeme. Ingekatazwa kulipwa, au ingelipwa kwa kificho bila mtu kuandika namba, asingepatikana.

Sisi leo tuna noti gani ya kuandikwa namba? Tuna simu. Tangu 2020 Tanzania laini zote zinatakiwa ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole, hela ikitumwa inajulikana imetoka laini gani imeingia laini gani imetolewa kwa wakala yupi saa ngapi. Mtaniambia wahuni wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kidole cha bibi wa watu asiyejua lolote, ni kweli, hilo tatizo lipo na linajulikana. Lakini mara nyingi mtu anasimama kwa wakala achukue hela kwa mkono wake, na hapo wakala anaweza kuwa kama yule kijana wa kituo cha mafuta, ILA polisi wawe wanajua ndani ya dakika na sio kesho kutwa baada ya barua kuzunguka ofisi nne. Na wanajua tu kama mzazi amewaambia, na mzazi anawaambia tu kama hamuogopi.

Nimesoma majibu yenu, wacha nijibu matatu.

Mmoja kasema hapa kwetu mtoto anaweza kuuawa hata ukilipa, kwa hiyo kulipa ni bure. Kakumbusha Arusha 2017, watoto walitekwa, hela ikadaiwa na wawili wakakutwa wameuawa. Ndugu yangu, hilo linaniuma kama linavyokuuma, lakini linatufundisha mtoto atafutwe saa ile ile, halitufundishi kumfunga mzazi. Na linatufundisha kitu ambacho kila familia ijue, usitoe shilingi kabla hujasikia sauti ya mtoto mwenyewe akijibu swali ambalo mtoto wako tu ndiye anajua jibu lake. Hilo polisi wanaweza kumwelekeza mzazi, wakiwepo.

Mwingine kasema Mo Dewji alivyotekwa Oktoba 2018 Dar familia haikuahidi kumlipa mtekaji, iliahidi shilingi bilioni 1 kwa atakayetoa taarifa, na siku ya tisa akapatikana. Mfano mzuri, na mimi napenda wazo la kumlipa anayetoa taarifa. Lakini huyo ni bilionea, nchi nzima ilikuwa inamtafuta na kila redio inamtaja. Mtoto wa fundi cherehani akipotea tangazo linabandikwa kwenye nguzo ya umeme na mvua inalichukua. Huwezi kutunga sheria kwa kuangalia yule wa kwanza halafu ikamkamate huyu wa pili.

Wa tatu kauliza, je tukiruhusu si itakuwa tangazo kwa wahuni kwamba Tanzania inalipa? Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Jibu langu ni kwamba muhuni haangalii kama sheria inaruhusu kulipa, anaangalia kama waliotangulia walikamatwa. Kwa hiyo mi nataka sheria iseme hivi: mzazi aliyetoa taarifa ndani ya saa chache hashtakiwi kwa kulipa, malipo yanasimamiwa na polisi kwa ruhusa ya hakimu, na anayefungwa ni dalali, yule anayejifanya msuluhishi huku ana asilimia yake, pamoja na wakala aliyepitisha hela akijua, na aliyesajili laini kwa kidole cha mtu mwingine. Hao wana faida kwenye hii biashara. Mzazi hana.

Wenye uzoefu wa dawati la jinsia na watoto la polisi, na walioko kwenye kampuni za simu, naomba mchangie hapa: mzazi akifika kituoni saa nne usiku na namba iliyompigia, leo hii inachukua muda gani mpaka mtu aweze kuona ile laini iko wapi na hela imetolewa kwa wakala gani? Maana wanaotaka kufunga wazazi hawajagusa hilo hata kidogo, na mtoto anasubiri hapo.