Mteja kachelewa hedhi siku 8, kipimo cha mimba kina mstari mmoja, na alimeza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba): arudie kupima lini?

Duka la Dawa, Newala
Wakuu, habari za kazi. Nina mteja wa miaka 26, mzunguko wake ni siku 28 na huwa hauyumbi. Hedhi ya mwisho ilianza 3 Machi, P2 kameza 14 Machi. Leo ni 8 Aprili, hajaona siku zake. Kapima mkojo mchana, ukatoka mstari mmoja. Kipimo kikabaki mezani, baada ya saa nzima akaona mstari wa pili kama kivuli. Sasa anataka "dawa ya kushusha hedhi". Hiyo sitampa, lakini nataka nimpe jibu lenye tarehe. Ukimwambia mtu "subiri kidogo" anahamia duka la pili.

Mkunga, Mikindani
Muulize kwanza: baada ya P2 alikutana tena na mwenzi wake bila kinga? Mara ya mwisho lini?

Duka la Dawa, Newala
Nimemuuliza. Ndiyo, 24 Machi. Alidhani P2 inamkinga mwezi mzima.

Mkunga, Mikindani
Basi tarehe yake ni 14 Aprili, na mweleze sababu ili asubiri kwa moyo mmoja.

P2 kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai kutoka. Yai likichelewa, hedhi nayo husogea, hata kama mtu hana mimba. Na tendo la baada ya kidonge halina kinga yoyote: yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye likakuta mbegu zinalisubiri. Kwa hiyo kwake tusihesabu kutoka 31 Machi, siku aliyoitegemea hedhi. Tuhesabu kutoka tendo la mwisho lisilo na kinga, siku 21.

Kwa nini 21? Mimba hujipachika kwenye mji wa mimba kama siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka, na hCG, homoni ya mimba ambayo kipimo huitafuta, ndipo inapoanza kuingia kwenye damu, kisha mkojo. Mwanzoni huongezeka karibu maradufu kila siku 2 au 3. Leo ni siku ya 15 tu tangu 24 Machi, hivyo mstari mmoja haujasema hapana wala ndiyo. Mstari mmoja siku ya 21, kipimo kikiwa kimefanywa sawasawa, hapo tunauamini. Hedhi ikigoma hata baada ya hapo, arudie wiki moja mbele, kisha aende kituo cha afya watafute sababu nyingine.

Na hadi 14 Aprili watumie kondomu, la sivyo hesabu inaanza upya.

Maabara, Masasi
Kivuli cha baada ya saa nzima kitupe, hakisomeki. Mkojo ukikauka juu ya kijiti huacha alama, mara nyingi ya kijivu isiyo na rangi. Mstari hafifu wenye rangi uliotokea ndani ya dakika 5 ni habari nyingine kabisa: hiyo ni chanya, hata ukiwa mwembamba.

Apime mkojo wa kwanza wa asubuhi, asinywe maji mengi usiku. Chombo kiwe kikavu, kisiwe na sabuni wala jiki. Pakiti ifunguliwe muda uleule wa kupima. Azamishe kijiti sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni 5 hadi 10, bila kuvuka alama ya MAX. Mkojo ukivuka hapo unafurika na kuharibu usomaji. Alaze kijiti pakavu, asome dakika ya 3 hadi 5, na baada ya dakika 10 asikitazame tena. Mstari wa C, ule unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika, achukue kingine. Panadol, antibayotiki na P2 yenyewe havibadilishi majibu.

Na wewe mwenye duka, angalia rafu zako. Vipimo vingi vinataka nyuzi 2 hadi 30, na chini ya bati huku kwetu joto linapita hapo kirahisi. Pakiti iliyotoboka imeshaingiza unyevu, usiiuze.

Tabibu, Nachingwea
Naongeza moja ambalo haliwezi kungoja 14 Aprili. Maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, damu kidogo nyeusi, kizunguzungu au maumivu ya bega: aende hospitali siku hiyohiyo, Ndanda, Ligula au iliyo karibu zaidi. Mimba inaweza kuwa imetunga kwenye mrija. Hapo ndipo "dawa ya kushusha hedhi" inapoua: mtu anatoka damu, anadhani yameisha, kumbe mimba iko palepale mrijani inakua hadi mrija upasuke. Umefanya vizuri kumkatalia.

Akipata homa kabla ya majibu, apimwe malaria na aseme wazi kwamba amechelewa siku zake. SP, dawa ya malaria, asimeze kwa kujinunulia. Ya kinga kwa wajawazito huanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Doksisaiklini na diklofenaki pia aziache kwa sasa.

Ikitoka chanya 14 Aprili, kwa hesabu ya hedhi atakuwa na wiki 6, ingawa ultrasaundi huenda ikapunguza kwa sababu yai lilichelewa. Kama anaitaka, aanze foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku na afungue kadi ya kliniki kabla ya 26 Mei, wiki ya 12. Ikiwa hasi, mpeleke kwa mkunga achague njia ya uzazi wa mpango inayokaa muda mrefu zaidi: sindano, kijiti cha mkononi au kitanzi. P2 ni ya dharura tu.

Duka la Dawa, Newala
Nimemwandikia 14 Aprili nyuma ya pakiti, pamoja na dalili za hatari. Vipimo nimevihamishia rafu ya chini leo hii.